Kangaga Isiyofikiwa na Kitabu

Toleo la pili la Upland Kenya Wild Flowers (1994), la Andrew na Shirley Agnew, ni buku zuri, sikatai. Kangaga zimo. Lakini jina lake tu lishakwambia: ni za nyanda za juu. Sasa sisi wa Mji wa Kale tushike nini?

Chukua Acrostichum aureum, kangaga ya mikokoni, isiyoogopa maji ya chumvi. Geuza vijijani vya kwenye ncha ya jani: spora zimetandaa upande wote wa chini, rangi ya kutu. Vya chini havina kitu. Basi! Hata mtoto wa chuoni ataitambua. Kitabu chataka ujue Kiingereza cha maabara kwanza. Mimi nataka karatasi moja ya Kiswahili, ya kukunja mfukoni.