Sauti ya Dhiki Mbele ya Meza ya Bodi



Kila mwaka wapo wenzetu hapa Toronto wanaokaa mbele ya ofisa wa Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi na kutakiwa waeleze walivyoteswa: lini, wapi, na nani, mara ngapi. Wakiaminika, wanabaki. Wasipoaminika, safari ya kurudishwa walikokimbia imeanza. Nataka tukisome upya kitabu ambacho baadhi yetu tulikutana nacho shuleni, Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla, huku meza ile tukiwa nayo akilini.

Kisa cha kitabu kinajulikana. Abdilatif alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu, Kenya: Twendapi?, akakaa miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa peke yake. Mashairi aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Alipotoka mwaka 1972 alihamia Tanzania. Diwani ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka 1974 ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimtia ndani.

Sasa anayeifungua diwani hii akitafuta ripoti ya gereza atatoka mikono mitupu. Atakuta jipu linalouma, mamba anayejiona hana wa kumweza, ndugu wawili wanaogombania mnazi, na mtoto aliye tumboni anayemsihi mama yake asimuue. Hata pale mshairi anapojisemea mwenyewe, kama katika "N'shishiyelo ni Lilo", anachosisitiza ni msimamo wake.

Wapo wanaosema mafumbo yale ni hila ya kumkwepa bwana jela. Ni kweli, lakini haitoshi. Fumbo pia ni stara. Mtu aliyevuliwa nguo na heshima hutafuta namna ya kusema bila kuvuliwa mara ya pili. Kwetu hilo ni adabu. Mbele ya Bodi, adabu hiyo hiyo huonekana ni kukwepa swali.

Tumtazame mwingine aliyechagua njia tofauti. Wahome Mutahi, ambaye wengi tunamkumbuka kwa safu yake ya "Whispers", alikamatwa mwaka 1986 wakati wa msako wa Mwakenya, akaonja vyumba vya chini vya Nyayo House. Riwaya yake ya Kiingereza, Three Days on the Cross, ilitoka mwaka 1991. Mutahi hafichi kipigo. Hata hivyo naye alihitaji riwaya, yenye nchi ya kubuni, ili aseme. Wakati huo kumbukumbu za mahakama zilikuwa zikisema mengine kabisa: washtakiwa wa Mwakenya walifikishwa kortini, wakakiri makosa, wakahukumiwa. Ilipofika mwaka 2010 ndipo Mahakama Kuu ya Kenya ilipoamua kwamba watu 21 waliopitia Nyayo House waliteswa, na kwamba walipwe fidia. Tujiulize: kama mmoja wao angetua Toronto mwaka 1988 na nakala ya hukumu yake mfukoni, karatasi hiyo ingemsaidia au ingemmaliza?

Hapo ndipo fasihi inapokuwa na la kuwafundisha wanasheria. Mwaka 1996 Kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso iliizuia Uswidi isimrudishe Zaire mama mmoja aliyebakwa gerezani. Maelezo yake yalikuwa na mapengo, na Kamati ikasema kwamba ni nadra kutarajia usahihi kamili kutoka kwa aliyeteswa. Msomaji wa Sauti ya Dhiki hahitaji kamati kumwambia hilo.

Kanada yenyewe ina sifa na doa. Mwaka 1985, katika kesi ya Singh, Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba mkimbizi lazima asikilizwe ana kwa ana pale ukweli wake unapotiliwa shaka. Mwaka 2002, katika kesi ya Suresh, ikasema kumrudisha mtu kwenye mateso kwa kawaida ni kuvunja haki za msingi, lakini ikaacha upenyo wa "hali za kipekee". Mwaka huo huo sheria mpya ilimkabidhi msikilizaji mmoja kazi iliyozoeleka kufanywa na wawili, na kitengo cha rufaa kilichoahidiwa kikasubiri hadi Desemba 2012. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini tusiwalaumu maofisa peke yao. Sisi tunaowakalimania ndugu zetu tunavunja mengi. Mama akisema "waliniharibu", anasema alibakwa; mkalimani mvivu atasema aliharibiwa tu, na ofisa hataandika kitu. Mzee akisema "walinitia adabu", huenda anazungumzia fimbo za nyayoni. Na saa zetu je? Aliyechukuliwa "saa mbili usiku" alichukuliwa saa mbili baada ya magharibi; ikitafsiriwa neno kwa neno inakuwa usiku wa manane, tofauti ya saa sita, na tayari ofisa ameshapata "ukinzani". Watu hurudishwa kwa vitu vidogo kama hivyo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwenye meza ile aliyeteswa hana budi kufunua, na ni haki aambiwe mapema, na mtu anayemwamini. Kituo cha Kanada cha Wahanga wa Mateso, ambacho kazi yake ilianza hapa Toronto mwaka 1977, kipo kwa ajili hiyo. Mpelekeni ndugu yenu kabla ya siku ya kusikilizwa, si baada ya kukataliwa. Nanyi wakalimani, someni diwani ya Abdilatif polepole, kisha jiulizeni kila fumbo mngelieleza vipi mbele ya mtu asiyelijua jipu wala mnazi.