Amplifaya ya valvu kwa mpiga gitaa wa jukwaani: tazama spika kabla ya wati

Mpiga gitaa anayetafuta amplifaya ya valvu, iwe dukani au kwenye matangazo ya vifaa vilivyotumika, huanza na swali moja: ina wati ngapi? Muuzaji hulipenda swali hilo, kwa kuwa namba ikipanda bei nayo hupanda bila maelezo mengi. Kwa amplifaya za bei ya wastani, zile za wati 15 hadi 40 zenye spika moja ya inchi 12 ndani ya kasha lake, swali hilo lilistahili kuwa la tatu. La kwanza ni spika iliyomo. La pili ni namna kifaa kilivyoundwa ndani, na kama fundi wa mji wako anaweza kukifungua, akajua anachokiona, akakirudishia uhai siku kitakapozima katikati ya shoo. Anayeanza na wati huishia kulipia namba, kisha akalipia tena matengenezo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazipandi sambamba na wati. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua bila kushtuka. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu huhitajika takriban desibeli 10, yaani wati mara 10. Chukua amplifaya mbili za Fender zinazoonekana sana majukwaani: Blues Junior ya wati 15 na Hot Rod Deluxe ya wati 40. Kwenye karatasi ya pili inaizidi ya kwanza zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa desibeli, tofauti ni 4 na ushee. Spika nayo ina namba yake, ambayo matangazo mengi hayaitaji: ni desibeli ngapi hutoka mita moja mbele yake ikipewa wati moja. Celestion Greenback hutoa 98. Vintage 30 ya kampuni hiyohiyo hutoa 100. Zipo spika za inchi 12 zinazofika 102. Weka spika ya 102 kwenye amplifaya ya wati 15 na utafika karibu desibeli 114. Amplifaya ya wati 40 yenye spika ya 98 inafika 114 hiyohiyo. Blues Junior ina uzito wa takriban kilo 14, Hot Rod Deluxe takriban 20, na anayesafiri na chombo chake kwa bodaboda haelezwi maana ya kilo sita.

Namba hiyo ya spika ina mipaka yake. Haisemi lolote kuhusu ladha ya sauti. Spika yenye desibeli nyingi inaweza kuwa kali masikioni hadi ukatamani kuizima, na Greenback yenye 98 yake inapendwa kwa sababu ya ulaini wake. Ndiyo maana Vox huiweka katika AC15 yao ya kawaida, yenye valvu mbili za EL84 na wati 15. Lakini anayelalamika kwamba AC15 haimfikii mpiga dramu, kisha akaiuza kwa hasara ili anunue ya wati 30, amenunua desibeli 3. Spika ya 101 ingempa hizo hizo kwa gharama ndogo zaidi, na angebaki na amplifaya aliyokwisha kuizoea.

Hapa hujitokeza usemi maarufu kwamba wati za valvu ni kubwa kuliko wati za transista. Hazizidi hata chembe. Wati ni wati. Tofauti iko katika kinachotokea uwezo unapofika ukingoni. Transista ikizidiwa hukata mawimbi ya sauti ghafla na kutoa mkwaruzo mkavu, kwa hiyo mpigaji hujizuia mapema. Valvu huanza kuyabana kidogokidogo, mkwaruzo unaingia taratibu, na mpigaji anaendelea kupandisha sauti kwa raha mpaka kifaa kinatoa zaidi ya kilichoandikwa mgongoni. Hiyo ndiyo siri ya sifa ya valvu, na ndiyo inayozaa pingamizi zito kuliko yote dhidi ya ushauri wa wati chache.

Pingamizi lenyewe ni hili: wati 15 zinamtosha mpiga bluzi au roki, ambaye mkwaruzo ni sehemu ya muziki wake, lakini hazimtoshi mpiga solo wa dansi au rumba. Nakubaliana nalo. Katika bendi ya dansi gitaa la solo, la rhythm na besi husokotana. Solo hupanda juu shingoni na kurudia kifungu kilekile kwa dakika kadhaa wakati watu wanacheza, na kila noti inapaswa kusikika imesimama peke yake. Mkwaruzo mdogo tu huziunganisha noti zikawa uji. Blues Junior ikishindanishwa na dramu na tumba kwenye ukumbi wa wazi itaanza kukwaruza kabla haijafika inapotakiwa, na spika ya 102 itapunguza tatizo bila kulimaliza. Mpigaji wa namna hiyo ana njia mbili. Kama ukumbi una mitambo mizuri na kuna kipaza sauti cha kuweka mbele ya spika, amplifaya inabaki na kazi ya jukwaani tu, na wati 15 hadi 22 zinatosha bila kuisukuma. Kama hakuna kipaza sauti cha gitaa, na kumbi nyingi hutenga vipaza sauti kwa waimbaji peke yao, basi kwa bajeti ndogo asinunue valvu kabisa. Roland JC-120, iliyoingia sokoni mwaka 1975, ni ya transista, ina wati 120 na spika mbili za inchi 12, na usafi wa sauti yake ndio uliowafanya wapigaji wa mitindo mingi waikubali. Ukitaka usafi wa kiwango hicho kwa valvu utakuwa unaitazama Fender Twin Reverb, wati 85 na karibu kilo 29, na hapo neno nafuu limeshatoka mlangoni.

Kwa anayebaki na valvu, swali la pili ndilo linalotofautisha nafuu ya kweli na nafuu ya siku ya kununua. Fender Deluxe Reverb ya mwaka 1963 iliungwa kwa mkono: vipande vilipangwa juu ya ubao wa nyuzinyuzi, waya zikavutwa moja moja, na soketi za valvu zikafungwa kwa nati kwenye bati la fremu. Kazi hiyo ya mikono ndiyo iliyokuwa ghali, na ndiyo iliyoondolewa katika amplifaya za leo za bei ya chini. Waya zimegeuka mistari ya shaba juu ya bodi, na mashine inaunga kwa dakika chache kilichomchukua mtu saa nyingi. Wapo wanaoamini kwamba bodi yenyewe inaharibu sauti, nao hulipa maradufu kwa maneno "imeundwa kwa mkono". Sioni ushahidi wa hilo. Umeme haujali kama unapita kwenye waya au kwenye mstari wa shaba. Panapouma ni kwenye joto na mtikisiko. Katika amplifaya nyingi zenye spika ndani, valvu zinaning'inia kichwa chini, na joto lake lote hupanda kuelekea kwenye soketi. Kama soketi imechomewa moja kwa moja kwenye bodi, basi kila joto, kila shimo la barabara na kila unapobadilisha valvu huvuta viungo vilevile vya risasi. Miaka ikipita, kiungo hupata ufa mwembamba kuliko unywele, na sauti huanza kukatika na kurudi unapoipiga amplifaya kofi.

Blues Junior ni mfano mzuri kwa pande zote mbili. Soketi zake zimewekwa kwenye bodi yake ndogo na kuunganishwa na bodi kuu kwa utepe wa waya, na EL84 zake husukumwa kwa nguvu kiwandani. Maelezo rasmi ya valvu hiyo yanaweka kikomo cha volti 300 kwenye anodi na wati 12 za joto kwa kila moja, na amplifaya nyingi zinazoitumia huivuka mipaka hiyo kwa makusudi. Hilo hufupisha maisha ya valvu, lakini jozi ya EL84 ni miongoni mwa zilizo rahisi zaidi kwa bei, kwa hiyo hasara inavumilika. Hot Rod Deluxe ina udhaifu wa aina nyingine, unaojulikana na mafundi wengi: rezista mbili za omu 470, wati 5, zinazolisha sehemu ya umeme mdogo. Huchemka hadi bodi chini yake ikageuka rangi ya kahawia na risasi ikalegea. Dawa yake ni kuzichomoa, kuzirudisha zikiwa zimeinuliwa kidogo ili hewa ipite, na kuzichomea upya. Fundi wa redio mwenye mkono mzuri huimaliza kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana. Udhaifu unaojulikana na unaotibika namna hii usikutishe; utumie kupunguza bei.

Fundi huyo lakini awe anazijua valvu. Ndani ya Hot Rod Deluxe mna volti zaidi ya 400, na kapasita zinaweza kuzishikilia hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Mwenye gitaa asifungue kifuniko cha nyuma kwa udadisi. Pia asiwashe amplifaya ya valvu ikiwa spika imechomolewa, kwa kuwa transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na hiyo ni miongoni mwa vipande vya gharama kubwa humo ndani. Kuhusu kurekebisha mkondo wa valvu mpya: AC15 hujirekebisha yenyewe kupitia kathodi, unabadilisha jozi na kuendelea, Hot Rod Deluxe ina sehemu ya kupimia na kurekebisha, Blues Junior imewekwa kiwandani moja kwa moja, haina pa kugusa.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wa Afrika Mashariki hulipuuza mpaka moshi utoke. Amplifaya nyingi zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani zimesukiwa umeme wa volti 120, na soketi zetu zina 230 hadi 240. Soma bamba la nyuma kabla ya kulipa. Transfoma ya kushusha umeme inasaidia, mradi iwe na uwezo wa angalau mara mbili ya matumizi yaliyoandikwa, lakini ongeza uzito na bei yake kwenye hesabu. Tena, transfoma iliyosukwa kwa umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde pekee hupata joto zaidi kwenye umeme wetu wa mizunguko 50. Umeme unaoyumba nao una madhara yake: hita ya valvu inataka volti 6.3, ikivumilia asilimia 10 juu au chini, na jenereta ya baa inayokohoa huvuka mpaka huo kirahisi. Stabilaiza kwa mwanamuziki wa valvu ihesabiwe kama sehemu ya amplifaya.

Ukienda kukagua iliyotumika, iwashe na uisubiri ipate joto, bila kuchomeka gitaa. Mvumo mzito usiobadilika hata sauti ikiwa sifuri huashiria kapasita zilizochoka, na hizo huzeeka hata kama kifaa kimekaa kabatini. Gonga valvu ndogo za 12AX7 taratibu kwa penseli ya mbao. Inayolia kwenye spika inahitaji kubadilishwa. Tazama kioo cha kila valvu: doa la rangi ya fedha lililomo ndani likigeuka jeupe, hewa imeingia na valvu imekufa. Punguza taa, angalia valvu kubwa. Hita kung'aa rangi ya chungwa ni kawaida, lakini bamba la kijivu linaloizunguka likianza kuwa jekundu, zima mara moja. Mwisho omba kuiona fyuzi. Ukikuta waya umefungwa mahali pake, ondoka, hata kama bei ni ya kutupa.

Lipo pingamizi la mwisho, na ni la haki: kwa nini kujisumbua, wakati vifaa vya kidijitali vinaiga sauti ya valvu kwa bei ndogo na uzito mdogo? Valvu za gitaa leo hutoka kwenye viwanda vichache vya Slovakia, Urusi na China, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza na Urusi ikazuia bidhaa zake kuuzwa nje, bei zilipanda na rafu za maduka zikabaki tupu kwa muda. Asiye na fundi wa kuaminika wala akiba ya jozi moja ya valvu begini asijidanganye. Achukue ya transista au ya kidijitali. Anayepiga muziki ambao mkwaruzo unaofuata vidole ndio lugha yake, na anayetaka kifaa ambacho hata baada ya miaka 20 kitatengenezeka kipande kwa kipande badala ya kutupwa bodi ikifa, bado ana sababu ya kununua valvu.

Kwa huyo ushauri wangu ni huu: nunua ya wati 15 iliyotumika, ya volti 230 au 240, iliyopita ukaguzi huo. Fedha uliyokuwa uiongeze ili kufikia wati 40 igawanye mara tatu: spika yenye desibeli 100 au zaidi, jozi ya valvu za akiba, na fundi wa kupitia viungo vya risasi kabla ya shoo ya kwanza.