Kitako cha Kifaru

Mchezo wa vita wa mezani una umri mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Maofisa wa Prussia waliucheza kwa ramani na vibao tangu mwaka 1824, na mwaka 1913 H. G. Wells, mwandishi Mwingereza, alitoa kitabu kizima cha kuufundisha kwa askari wa kuchezea. Leo wapo watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanaokesha wakipaka rangi vifaru vya madini visivyozidi pingili moja ya kidole gumba. Sikusudii kuwacheka. Nataka kuipima kazi yao kama tunavyopima kinyago au picha: imesema kweli kiasi gani?

Ninayo kazi moja ya kupimia. Mpwa wangu anayeishi Uingereza alikuja likizo Bukoba na kisanduku chenye vifaru kumi na viwili alivyovitengeneza kwa ajili ya Vita vya Kagera, sita vya Amin na sita vya kwetu. Kipimo chake ni 1 kwa 285. Kifaru cha T-55, ambacho pamoja na mzinga wake kina urefu wa mita 9, hapo huwa milimita 32 tu. Na kimo chake cha mita 2.4 huwa milimita 8.

Nianze na sifa, maana zinastahili. Kitu kidogo namna hii hakipati kivuli cha kutosha chenyewe, kwa hiyo mpakaji hana budi kukichora. Huanza na rangi ya giza kote, kisha kijani, kisha hupitisha juu juu brashi iliyokwisha kukaushwa kwenye kitambaa ili kingo zing'ae, na mwisho hutia rangi yenye maji mengi iingie kwenye mifereji. Kijani chenyewe huongezwa weupe kidogo. Ukikitazama kifaru hiki kwa umbali wa sentimita 60, ni sawa na kukitazama kifaru halisi kutoka mita 171, na vitu vya mbali hufifia machoni. Mpwa wangu anayajua haya yote. Minyororo yake ina matope, na mizinga yake imenyooka.

Amefanya pia jambo moja la busara kuliko alivyokusudia. Vifaru vya Type 59 vya jeshi letu vilitoka China, navyo viliigwa kutoka T-54 ya Urusi, ndugu wa damu wa T-55 za Amin. Vyote amevipaka kijani. Nilipovichanganya mezani, yeye mwenyewe aliinama na kukodoa macho. "Mjomba," akasema, "hapa mpaka nisome alama." Msomaji atakubali kwamba hiyo ni historia sahihi kuliko hotuba nyingi: majirani wawili waliopigana kwa chuma cha ukoo mmoja.

Kasoro iko chini. Kila kifaru kimegandishwa juu ya kitako, yaani kibao chembamba cha sentimita 2.5 kwa 4, na juu ya kitako amemwaga mchanga wa manjano na vichaka vitatu vikavu. Hiyo ndiyo Afrika ya kwenye makasha ya madukani. Siyo Kagera. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Udongo wetu ni mwekundu na wa kahawia, rweya ina nyasi, na kibanja kina migomba na mibuni chini yake. Mashapo ya kahawa yaliyokaushwa na kubandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao yangetoa udongo mzuri kuliko mchanga ule, tena bila gharama. Na kwa ajili ya Lukaya, walikopigana tarehe 10 na 11 Machi 1979, kitako kilihitaji barabara katikati ya kinamasi, mafunjo kushoto na kulia.

Wachezaji wana jibu lao, nalo si la kijinga. Mgomba wa mita 4 katika kipimo hiki ni milimita 14. Kifaru kitazama ndani ya kibanja, wala mchezaji hatakiona. Kitako, wanasema, ni mahali pa kushikia tu.

La hasha. Tufanye hesabu. Katika michezo hii ardhi hubanwa zaidi kuliko vifaru. Tukichukua sentimita 1 kuwa mita 50, kitako kile kinafunika mita 125 kwa 200, yaani hekta 2.5, zaidi ya ekari 6. Kwetu hapo ni vibanja vya familia kadhaa, pamoja na nyumba zao, njia ya kisimani na makaburi ya wazee. Majeshi ya Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuibomoa daraja ya Kyaka tarehe 3 Novemba, watu waliuawa, ng'ombe waliswagwa, na maelfu walikimbia kusini ya mto. Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyika. Mpwa wangu amewachonga tembo kwa ufundi mkubwa, akaisahau nyika. Nayo ndiyo iliyokuwa kwetu.

Liko na jambo la pili. Kifaru kikipigwa mchezoni, huinuliwa pamoja na kitako chake na kurudishwa kisandukuni. Meza inabaki safi. Lakini ndani ya T-55, kama ndani ya Type 59, wamo watu wanne. Ukitoka Bukoba kwenda Muleba utafika Kaboya, yalipo makaburi ya askari wetu wa vita vile. Pale aliyepigwa hakuondolewa ili nafasi iwe wazi. Amebaki mahali pake, na anayepita humwona.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: rangi ni nzuri, kazi bado haijakamilika. Simshauri aache mchezo. Kijana aliyezaliwa baada ya vita na kuishi mbali, akitumia usiku wake kuiwaza Kyaka na Mutukula, anafanya zaidi ya wengi tulio hapa hapa. Namshauri asikigandishe kifaru. Atengeneze kitako cha udongo wetu, chenye migomba pembeni na paa moja la nyumba, na kifaru kiwekwe juu yake bila gundi. Kikipigwa, akiinue akirudishe kisandukuni. Kitako akiache mezani mpaka mchezo uishe.