Chungulia kwa Chini Kabla Hujalisifu

Jiko lililopewa zawadi ya kwanza kwenye maonyesho ya vijana niliyohudhuria majuzi lilikuwa bovu. Lilipakwa rangi ya fedha, likafungwa mpini wa mti uliochongwa vizuri, na likachemsha birika la maji kabla mgeni rasmi hajamaliza kuzungushwa kwenye meza. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama moshi. Ulitoka mweupe na mzito, ukijikunja pembeni ya sufuria, na hakuna hata mmoja kati ya waamuzi aliyeuliza kwa nini jiko la makopo mawili, ambalo sababu yake ya kuwa na makopo mawili ni kuula moshi, linafuka namna ile.

Nimekuwa mpishi wa kambi sehemu kubwa ya maisha yangu, huko porini ambako mtungi wa gesi huwahi kuisha kuliko wageni. Jiko la kopo limenitoa kwenye aibu mara nyingi, na ndiyo maana inaniuma kuona takataka inavishwa nishani huku kazi safi ikipitwa kwa sababu haing'ai.

Tuanze na maji. Maji kuchemka si kipimo. Hata moto wa magazeti huchemsha maji. Pale kwenye kibanda cha Kibo, juu ya mita 4,700 kwenye mlima Kilimanjaro, maji hutokota kwenye nyuzi joto 85 hivi. Sufuria inafurukuta, nawe ukionja maharage unayakuta bado magumu. Jiko lipimwe kwa wali. Wali unataka moto wa nguvu mwanzoni, kisha moto mdogo uliotulia ambao hauzimi wala haupandi mpaka maji yakauke. Fundi anayekuchemshia maji tu, mwambie alete mchele.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wasiojua hawaliangalii kabisa: ukingo wa juu, pale kopo la ndani linapokutana na kopo la nje.

Kuni ikipata joto hutoa moshi kwanza, na moshi huo nao ni kuni. Ukikutana na hewa iliyokwisha kupata moto, unawaka. Ukiikosa, unaishia machoni mwa mpishi na kwenye masizi ya sufuria. Makopo mawili yapo kwa kazi hiyo. Hewa huingia kwa chini, hupanda katikati ya kuta mbili ikizidi kupata joto, kisha hutokea kwenye safu ya matundu madogo karibu na mdomo wa kopo la ndani, na hapo ndipo inapoukamata moshi. Wamarekani Thomas Reed na Ronal Larson waliandika juu ya jiko linalofuata njia hii mwaka 1996, wakiwafikiria wapishi wa nchi kama zetu. Likiwa limetengenezwa sawasawa, ndimi za moto zinatokea kwenye matundu yenyewe na kuelekea katikati, moja moja, kama jiko la gesi.

Yote hayo yanategemea ule ukingo. Ukiwa na upenyo, hewa ya moto inatorokea nje na matundu yanabaki mapambo. Upenyo wa unene wa kadi ya simu unatosha kuliharibu jiko zima. Kwa hiyo, likiwa bado baridi, liinue, mdomo wake uelekee kwenye anga lenye mwanga, nawe uchungulie kwa chini katikati ya kuta mbili. Utaona nukta za mwanga: hayo ni matundu, na ni halali yake. Ukiona uzi wa mwanga unaozunguka ukingo, hata robo ya duara tu, lirudishe mezani.

Aliyenifundisha kuchungulia alikuwa mzee mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, aliyeanza kazi ya bati kwa kutengeneza koroboi. Koroboi ikivuja mafuta ya taa inaunguza nyumba na watoto waliolala ndani, na aliyekulia kwenye kazi hiyo haachi upenyo popote. Alipokuwa akikata tako la kopo la nje, ambalo kopo likipinduliwa ndilo linalokuwa ukingo wa juu, alichora duara la kipimo cha kopo la ndani kwa ncha ya msumari, kisha akakata duara dogo zaidi ndani yake. Palipobaki katikati ya miduara miwili alipachana kwa mkasi wa bati, pengo baada ya pengo, mpaka yakatokea meno pande zote. Meno aliyakunja kuelekea ndani, akaliweka kopo la ndani, akaligonga kwa kipande cha mbao, polepole, huku akilizungusha. Likaingia likilalamika. Baada ya hapo alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wote. Ukucha ukinasa, kijana wake alikuwa anaanza kopo jipya, na hakuna aliyebishana naye.

Hakutumia lehemu, na alikuwa na haki. Lehemu ya kawaida ya risasi na bati huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi, na moto wa kuni hukipita kiwango hicho mapema mno.

Walaghai wanajua mahali pa kuficha. Wapo wanaoziba ukingo kwa ile gundi ya kunyooshea bodi za magari, wakapaka rangi juu yake. Siku ya kwanza linapendeza, siku ya pili linanuka, siku ya tatu gundi imedondokea kwenye ugali. Wengine huficha kitambaa kilicholowa mafuta ya taa chini ya bati la matundu linalobeba kuni, na moto wa maonyesho unakuwa wa ajabu. Dawa yao ni kuomba wapakie kuni mara ya pili mbele yako.

Mengine niyapitie haraka. Matundu ya chini yawe machache kuliko ya juu. Anayetoboa chini mengi na makubwa anapata moto unaonguruma na kuni zinazoisha upesi. Kuni zipangwe kwanza, zisifike matundu ya juu, na moto uwashwe kwa juu. Mafiga ni matatu, hayawi manne, maana matatu hayayumbi hata juu ya ardhi ya mchanga. Bati lililopakwa zinki lisiguse moto: zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na moshi wake ukiuvuta unakupa homa. Jiko halipakwi rangi. Kopo liwe la maziwa ya unga, si la mafuta ya kupikia. Na lisipikiwe ndani ya hema, hata mvua ikinyesha. Makaa yanayobaki hutoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Makopo yenyewe yamepungua ubora. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini, kopo tupu liliombwa kwa jirani kwa heshima, na bati lake lilikuwa nene, linalostahimili masika mawili ya kupikiwa kila siku. La siku hizi unalibonyeza kwa kidole. Ndiyo maana ukingo unahitaji mkono wa uangalifu zaidi sasa: bati jembamba likipata joto hujikunja, na meno yaliyokatwa ovyo huachia.

Kijana aliyepata zawadi nilimfuata baadaye. Ana mkono mzuri. Mpini ule ulichongwa na mtu anayejua kushika kisu. Nilimwonyesha uzi wa mwanga, akaukodolea macho muda mrefu, kisha akauliza mkasi wa bati unauzwa wapi. Nimemwelekeza Gerezani.