Dalili ya Mvua ni Mawingu: Haki ya Msikilizaji katika Hadithi za Ajabu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa tunataka kuitumia methali hiyo kupimia hadithi za ajabu, zile zenye mazimwi, majini na fimbo za miujiza. Kuna wanaodhani kwamba katika hadithi za namna hiyo kila kitu kinaruhusiwa, eti ni za uongo tu. Sisi tunakataa. Ajabu ikiwa kubwa, ndivyo msimulizi anavyodaiwa kuitayarisha mapema. Shujaa akizingirwa na adui, halafu ghafla anatoa mfukoni dawa ambayo hatujapata kuisikia, huo si ufundi. Msikilizaji ameibiwa.

Tuanze na majirani zetu Wanyanga wa Walikale, kule Kivu ya Kaskazini. Hadithi yao ya Mwindo ilisimuliwa na Rureke mwaka 1956, kwa muda wa siku 12. Daniel Biebuyck, ambaye alifanya utafiti pia kwa Wabembe na Warega, aliichapisha mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene. Tazameni jinsi mbegu zinavyopandwa. Mwindo anazaliwa akiwa na usinga wake, unaoitwa conga, pamoja na tezo, na kifuko chenye kamba ndefu. Mtu anajiuliza: mtoto mchanga na kamba, ya nini? Hajibiwi. Baadaye Mwindo anashuka kuzimu kumfuata baba yake Shemwindo, aliyetaka kumwua. Anamwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba ile ile: ikitulia, ujue nimekufa. Kumbe! Muisa wa kuzimu anapomwangusha, kamba inatulia, nasi tunaogopa pamoja na shangazi. Kisha conga inamwinua. Hapo hakuna aliyedanganywa, maana vitu vyote viwili tulionyeshwa siku ya kuzaliwa.

Ni vilevile kwa Nkuba, yaani Radi. Kwanza anamsaidia Mwindo kuteketeza kijiji cha Tubondo. Mwishoni, Mwindo akiisha kumwua zimwi Kirimu, rafiki wa Nkuba, Radi huyo huyo anashuka kumchukua juu mbinguni ili afundishwe adabu. Hatushangai alikotoka, tunamjua. Tunachoshangaa ni kwamba nguvu uliyoiita ikusaidie inaweza kurudi kukuhukumu. Huo ndio mshangao wa haki.

Katika vitabu vya Kiswahili tuna Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Wale kati yetu waliokimbilia Kigoma tangu 1996 na kusoma kule, huenda walikutana nacho. Adili, mtu mwema, anawapiga nyani wawili kila usiku. Juu ya nini? Swali linawekwa kwanza, jibu linakuja polepole. Tena jini Huria anapomtoa Adili baharini, si bahati tu: zamani Adili alimwokoa alipokuwa katika umbo la nyoka. Lakini tuseme na kasoro. Ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Kwa majina hayo, nani hatajua watatenda nini? Hapo mawingu yamekwisha kuwa mvua yenyewe. Basi makosa ni mawili: kuficha kila kitu, na kufichua kila kitu.

Katika hadithi ndefu za vitabu vingi kazi ni ngumu zaidi. J. K. Rowling alitoa vitabu saba vya Harry Potter kati ya 1997 na 2007. Katika kile cha kwanza, mwalimu Snape anamwuliza Harry darasani lilipo jiwe linalotoka tumboni mwa mbuzi na kuponya sumu. Mtoto hajui, somo linapita. Katika kitabu cha sita, mwaka 2005, jiwe lile linamponya rafiki yake Ron. Sisi walimu tunalipenda hilo! Kitabu kikishachapwa, mwandishi hawezi kurudi nyuma kuchomeka jiwe. Rureke naye alikuwa hivyo hivyo: neno la siku ya kwanza lilikuwa limekwisha kukaa masikioni mwa watu.

Sasa shida yetu, kuanzia Baraka mpaka Lulenge. Siku hizi kwenye sherehe na mashindano ya shule, hadithi ya mzee inapewa dakika chache. Inapokatwa, kitu cha kwanza kutupwa ni kile kinachoonekana hakina kazi: kamba, kifuko, nyoka wa njiani. Mapigano yanabaki. Halafu vijana wanacheka, wanasema hadithi za wazee hazina akili. Hapana, akili yake ndiyo iliyotupwa.

Hasara hiyo si ya burudani tu. Watoto wa hapa wamekulia katika nchi ambamo vita na ukimbizi vimekuja bila kupiga hodi. Hadithi iliyotungwa kwa haki inawazoeza kuuliza kila jambo limeanzia wapi, na nani alilitayarisha. Hiyo ni shule nzima.

Kwa hiyo tunawaomba wanaokusanya masimulizi: andikeni yote, hata msiyoyaelewa. Na ninyi vijana, mzee akitaja kamba, msimharakishe afike kwenye vita. Ishikeni kwanza hiyo kamba.