Karani wa Nyaraka, Bangboka

Waraka wa ofisi ya elimu haufiki wenyewe katika shule za upande wa Bangboka, karibu na Kisangani, Kongo. Kuna karani anayeunakili kwa mkono umeme ukikatika, akaugonga muhuri, akaandika namba na tarehe kwenye daftari, kisha akatafuta toleka, yaani teksi ya baiskeli, au pikipiki ya kuupeleka. Msimu wa mvua karatasi huvishwa mfuko wa plastiki, na mkuu wa shule hutia sahihi kwamba amepokea.

Tangu elimu ya msingi ya umma itangazwe kuwa bure mwaka 2019, orodha za walimu zimerefuka. Herufi moja ikikosewa katika jina la mwalimu, mshahara unaweza kukwama Kinshasa. Kwa hiyo karani husoma kila jina kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Mishahara ikitoka, nani humkumbuka?