Mwanga wa Dirishani

Picha nyingi za watoto ninazoonyeshwa hapa Bukundi zina kasoro. Ama mtoto ameketishwa akilipa dirisha mgongo, uso ukawa giza tupu; ama amemulikwa kwa taa ya kamera, uso ukang'aa kama sahani na macho ya paka aliyempakata yakawaka kama makaa. Mpiga picha hujitetea kwamba mtoto ni mweusi mno. Kauli hiyo siikubali, maana mtoto anayeisikia hukua nayo.

Seydou Keïta wa Mali, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwapiga watu wengi uani kwa mwanga wa jua, na weusi wa nyuso zao ukatoka na uzuri wake wote. Basi dosari si ngozi.

Madirisha yetu madogo yanatosha; mwanga wa upande mmoja ndio unaoonyesha umbo la uso. Izime taa ya kamera. Mkalishe mtoto hatua moja kutoka dirishani, ubavu ukielekea mwanga, na upande wa pili tundika shuka jeupe lipunguze kivuli. Kisha ngoja, mpaka paka alale na mtoto akusahau.